Kuku wa Karanga kwa Moto wa Mhunzi

9 Machi

Kwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu. Nataraji zitakukuta mzima wa mwili, maana uzima wa roho nitauuliza mbele ya safari. Sisi huku hatujambo. Paa la saluni limeacha kuvuja, si kwa sababu limezibwa bali kwa sababu mvua imekoma. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anazungumza kama filimbi. Jirani yetu Cheche, yule mhunzi, mkewe amejifungua pacha, na tangu siku hiyo anafua chuma huku akisinzia. Juzi alipigilia bawaba ya mlango juu chini, mteja akaipokea na kumshukuru.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Inaita, inaita, halafu yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia kwa sauti ya asali kwamba hupatikani. Haya, nakuandikia kama watu wa kale. Barua haikati laini.

Mzee ametoka hospitali. Upasuaji wa tumbo ulikwenda salama na anaendelea vizuri. Tatizo ni kula. Uji anauangalia kama umemtukana. Supu anasema ni maji yaliyokosa adabu. Mayai nimempikia kwa kila namna, akaniuliza kama nadhani yeye ni kuku anayeatamia. Daktari ameniambia waziwazi kwamba mtu asiyekula hawezi kupona kwa dawa peke yake. Basi wiki iliyopita nikakaa naye kitandani nikamwambia, baba, taja chochote, nitakipata. Akasema, "Nataka kuku wa Mchina. Yule wa karanga na pilipili kavu."

Nilicheka kwa furaha, mdogo wangu, halafu nikakumbuka kwamba mkahawa wa yule Mchina, bosi wako wa zamani Mzee Karai, umefungwa, mwenyewe amerudi kwao, na pale mahali siku hizi wanauza vigae vya sakafu. Nikasema haidhuru, kuku ni kuku. Nilinunua kuku, karanga, pilipili kavu, na chupa ya sosi ya soya iliyoniacha bila nauli. Nikatupia vyote kwenye karai. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kimelowa kama soli ya kiatu iliyookotwa mtaroni. Mteja wangu aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alipiga kelele akidhani ni yeye anayeungua. Mzee aliisogeza sahani kwa kidole kimoja. Heri angetukana.

Sasa nisikilize. Wewe ulikaa kwenye jiko lile miaka yote ile. Chakula hicho unakijua kama unavyojua vidole vyako. Niandikie namna ya kukipika, hatua moja baada ya nyingine, na usiniambie habari za wewe na mzee. Hizo sizitaki. Nataka kuku.

Wako,
Dada yako


2 Aprili

Dada,

Nami nakusalimu, wewe na kijifilimbi chako. Mpe Cheche hongera, na umwambie asifue chuma akiwa na usingizi, vidole haviuzwi dukani. Mimi nipo. Chumba changu kiko juu ya duka la kufulia nguo, kwa hiyo sakafu ina joto saa zote na mashati yangu yananuka sabuni za watu wengine. Kazi inaendelea. Siku hizi karai kubwa ni langu na nina wasaidizi wawili chini yangu.

Simu za nyumbani sipokei kwa sababu ile ya mwisho niliyopokea, mzee alikuwa nyuma yako na nilimsikia akisema, "Kama ni huyo, mwambie sipo." Mtu aliye sebuleni kwake anasema hayupo! Nikaona heri na mimi nisiwepo.

Kwa hiyo amesema anataka kuku wa Mchina. Umesikia alivyosema lakini? Wa Mchina. Sawa. Nitakupa wa Mchina, kama alivyokuwa akimpika Mzee Karai mwenyewe, na ninakupa wewe kwa sababu wewe ndiwe unayesimama jikoni na kuungua mikono. Yeye usimwambie haya yametoka kwangu.

Kwanza niambie nani alikufundisha kumwaga kuku mzima kwenye karai kwa mkupuo mmoja? Huko si kukaanga, dada, huko ni kumwogesha. Nyama ikiwa nyingi inatoa maji, ikitoa maji inachemka, ikichemka ndiyo unapata soli yako. Kata minofu ya paja vipande vidogo kama kete. Vikande kwa sosi ya soya kidogo, chumvi, na ule wanga wa mahindi, mweupe na laini kama poda ya mtoto. Viache vinywe. Karai liwe kavu na lipate moto mpaka lianze kutoa moshi, ndipo utie mafuta. Pilipili kavu zitangulie, zibadilike rangi tu, zisiwe mkaa. Kuku kidogo kidogo, toa, weka pembeni, tia wengine. Mwisho warudishe wote, mwagia mchanganyiko wa siki, sukari, sosi ya soya na wanga kidogo uliokorogwa kwa maji. Koroga haraka, karanga zilizomenywa na kukaangwa ziingie, epua. Ukiona umepata nafasi ya kupumua, ujue umeshachelewa.

Jambo la moto sina la kukusaidia. Kule jikoni tulikuwa na moto unaonguruma. Jiko lako la mkaa ni kibatari tu mbele yake.

Hayo ndiyo yote. Sina zaidi.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kutoka kwa wote, hata pacha wa Cheche ambao hawakujui lakini wanapiga kelele zinazotosha kufika huko uliko. Nimefungua saluni hata Jumapili kwa sababu ya pesa za dawa. Miguu inanivimba. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia ili ujue naandika nikiwa nimeiweka juu ya kiti.

Nilifuata maneno yako kama sala. Mara ya kwanza pilipili ziliungua na mtaa mzima ukakohoa. Wateja wangu wawili walikimbia na vitana vichwani. Mara ya pili nilipatia, au nilikaribia kupatia. Nilimpelekea mzee sahani. Akainusa, akakaa sawasawa kwenye mto, jambo ambalo hajalifanya tangu hospitali. Akala vijiko vitatu. Nilisimama mlangoni nikiuma shanga zangu kwa furaha. Kisha akaweka kijiko chini.

Akasema, "Huyu ni wa Mzee Karai mwenyewe. Wa zamani. Mimi nataka yule wa baadaye."

Nikamwuliza wa baadaye ndiye yupi. Akaniambia kwamba ni yule mwenye tangawizi nyingi, iliyokatwa kama njiti za kiberiti, na karanga zake zina maganda. Alisema hivyo huku amefumba macho, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo ndani ya kope zake.

Sasa mimi nikasimama pale na kitambaa mkononi nikahesabu akili zangu. Baba huyu, ulipoacha karakana yake ya useremala ukaenda kushika karai, aliapa mbele yetu sote kwamba hatakanyaga mkahawa ule maisha yake yote. Sasa wa baadaye alimlia wapi? Nilipomwuliza akageukia ukutani akasema amechoka.

Unanijua, sikulala na swali hilo. Yule mhudumu aliyekuwa akibeba sahani pale kwa Mzee Karai, mwenye mwanya, siku hizi anasukwa kwangu. Alipokuja nilimkalisha, nikamshika nywele, nikamwambia hatoki mpaka aseme. Hakuhitaji kubanwa sana. Mzee alikuwa akija, Kitinda. Kila wiki alikuwa akija, na alikaa meza ile mbaya iliyo karibu na mlango wa jikoni, ambayo watu wote waliikataa kwa sababu ya moshi. Kabla ya kuagiza alimwuliza huyu dada nani yuko kwenye karai leo. Akiambiwa ni mwingine, anakunywa chai na kuondoka. Akiambiwa ni wewe, anaagiza kuku wa karanga, anamaliza, anafuta sahani kwa kidole. Na alimwomba asikuambie. Alimletea hata kigoda alichokitengeneza kwa mkono wake, ili afunge mdomo.

Nilipolisikia hilo nilimsuka yule dada vibaya, ikabidi nifumue.

Basi kuku anayemtaka ni wako. Niandikie wa kwako.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Salamu. Pole kwa miguu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Niliisoma kazini, nikaunguza sufuria ya wali, na mimi siunguzi wali.

Najua ulidhani nitalia. Nadhani ulipoandika habari za kufuta sahani kwa kidole ulikuwa unaniona huku nimejifunika uso kwa aproni. Hapana. Nimekasirika, dada, na nimekasirika kuliko siku niliyoondoka, kwa sababu siku ile nilidhani mzee hajui anachokikataa. Mtu asiyejua unaweza kumsamehe. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa anakaa kwenye moshi wangu, anakula jasho langu, anaramba sahani, kisha anarudi karakana kuwaambia wateja kwamba mwanawe yuko ng'ambo anasomea uhandisi.

Hilo la uhandisi unalijua, wote mlilijua, na mlikuwa mkicheka. Hili jingine hulijui kwa sababu sikuwahi kulisema. Mwezi ule kabla sijaondoka nilipita karakana mchana, na aproni yangu kiunoni, kumletea ufunguo aliousahau. Alikuwa na mteja, yule mwenye nyumba ya ghorofa aliyeagiza milango. Mteja akaniangalia, akasema, "Huyu naye ni nani, mbona mmefanana pua?" Baba yetu akaupokea ufunguo, akasema, "Ni kijana wa jirani."

Nilisimama pale, dada. Nikasema kwaherini wazee, nikaondoka. Nilikwenda kazini nikapika hadi tukafunga. Na sasa unaniambia huenda jioni ileile alikuja akakaa mlangoni pa jiko langu, akauliza nani yuko kwenye karai! Huyo kijana wa jirani ndiye aliyekuwa kwenye karai!

Basi akamwombe jirani ampikie.

Tangawizi yangu inakatwa vipi, inaingia lini, karanga zangu zinafanywa nini na maganda yake, hivyo vyote ni vyangu. Sikuvirithi kwake wala kwa Mzee Karai. Nilivitafuta mwenyewe kwa kuunguza na kurudia, na sitaviandika kwenye karatasi ili mtu avile kwa siri tena. Akitaka chakula cha mwanawe, aseme ana mwana.

Usinijibu kwa kunibembeleza.

Kitinda


3 Juni

Kitinda,

Sikubembelezi. Salamu za kawaida zichukue kama zimeshasemwa.

Hasira zako ni za haki. Nilipofika kwenye neno jirani niliweka barua chini, nikaenda chumbani kwa mzee nikamtazama amelala, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kumwamsha nimpige. Sikujua. Naapa sikujua.

Lakini na mimi nina hasira zangu, na hakuna anayeniandikia kuniuliza. Wewe uliumizwa, ukafunga begi. Mzee alijiumiza, akafunga mdomo. Mimi niliyebaki ndiye ninayefua mashuka. Wewe unadai neno, yeye anadai kuku, na mimi ni kama mlango, kila mtu ananigonga na hakuna anayeniambia karibu. Nilikuandikia kwamba anaendelea vizuri. Nilidanganya, kwa sababu nilidhani nikikuambia kweli utasema nakutega. Haendelei vizuri. Suruali zake anazifunga kwa kamba. Pete yake imemvuka kidole, nimeitia kwenye kopo la vifungo. Juzi alinishika mkono ili ashuke kitandani, na nilihisi nimeshikwa na ndege.

Haki yako itunze, ni mali yako. Ila tumbo lake halijui haki. Linajua limejaa au ni tupu.

Nitampika mwenyewe huyo kuku, bila wewe.

Dada yako


7 Julai

Kwa mdogo wangu,

Nakuandikia ingawa hukunijibu. Mwezi mzima umepita na tarishi ananipita kama ananidai. Natumaini u mzima. Mwanangu meno yameota, makubwa kama ya mkopo. Saluni haina umeme tangu wiki jana kwa hiyo nasuka tu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nikueleze lililotokea, na nitalieleza kama lilivyokuwa, nisiongeze wala kupunguza, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijajua nifurahi au nitupe kitu.

Ulisema moto wangu ni kibatari. Hilo liliniuma. Nilimpelekea Cheche shida yangu, nikamwambia nataka kuazima tanuru lake baada ya kazi. Aliniuliza nataka kufua nini. Nikamwambia kuku. Akasema kwa heshima zote kwamba baba wa watoto wawili wanaolia hana nguvu ya kushangaa, nije tu na karai langu.

Basi Jumamosi jioni nikabeba kila kitu mpaka uani kwake. Kuku nimeshawakata na kuwakanda. Tangawizi niliikata kama njiti, kwa kumfuata mzee. Karanga nilizikaanga na maganda yake. Cheche alipanga mkaa, akanionyesha ile feni yake ya chuma ya kuzungusha kwa mkono. Unaizungusha, moto unanguruma. Shida ni moja: mkono mmoja unazungusha feni, mwingine unashika karai, wa kukoroga uko wapi? Na Cheche alikuwa ameitwa ndani, pacha mmoja amemeza kitu.

Nilikuwa nimesimama pale nikitukana kimoyomoyo nilipomwona mzee. Ametoka kitandani. Amepita geti letu, amejiburuza ukuta kwa ukuta, blanketi begani, mpaka uani kwa Cheche. Sikumwita. Nadhani aliisikia feni. Hakunisalimia. Alikaa kwenye gogo la mhunzi, akashika mpini, akaanza kuzungusha. Mimi nilitaka kumzuia, daktari amekataza kazi. Alinitazama kwa lile jicho lake la zamani, lile la kupimia mbao, nikafyata mkia.

Na akaanza kuniamrisha. Kumbe kule kwenye meza yake ya moshi hakuwa anakula tu, alikuwa anasikiliza. Alijua chakula chako kwa sauti. Nilipotia pilipili akasema bado, karai halijalia. Nilipotia kuku akasema wengi, yeye, yaani wewe, alikuwa akitia nusu ya hao, unasikia kishindo kifupi, halafu kingine. Nikamwuliza tangawizi lini. Akasema, "Baada ya kuku wa mara ya pili. Hapo alikuwa anakaa kimya kidogo, halafu harufu inakuja." Anazungusha feni, anahema, jasho linamtoka, na kila anachosema ni alikuwa, alikuwa, alikuwa. Jina lako hakulitaja. Mimi nilikoroga nikiwa nimeuma meno, kwa sababu nilimwona mtu aliyekusoma kutoka nyuma ya mlango kwa miaka, na mlango ulikuwa wazi siku zote.

Harufu ilipokolea watu wakaanza kuchungulia. Mmoja wao alikuwa yule mwenye nyumba ya ghorofa. Ndiyo, huyohuyo wa milango. Alikuja kuchukua nondo za madirisha. Alimwona mzee kwenye gogo, amekonda hivyo, anavuvia moto wa kuku. Akasema tu lile la adabu, akamwuliza mhandisi wa ng'ambo atarudi lini, aje amwangalie baba yake.

Mzee aliacha kuzungusha. Moto ukashuka. Nikadhani anatafuta pumzi.

Akasema, "Sina mwana mhandisi. Sijawahi kuwa naye. Nina mwana mpishi. Ulimwona karakana siku ile, mwenye aproni, nikakuambia ni kijana wa jirani. Ni wangu. Hiki unachokinusa ni chakula chake, na dada yake hapa anakiharibu."

Kisha akashika mpini akaendelea.

Yule bwana alitazama chini, akapokea nondo zake, akaondoka bila kuzikagua. Cheche alikuwa amerudi amesimama na mtoto begani, akajifanya anaangalia ukuta. Na mimi? Mimi kuku wakaungua. Nilikuwa nimesahau kukoroga.

Mzee alikula. Alikula nusu sahani, palepale kwenye gogo, akitoa vipande vyeusi na kuvipanga kwenye ukingo mmoja baada ya mwingine. Ni mlo wake mkubwa tangu hospitali. Tulimrudisha mimi na Cheche tumemshika kwapani, na usiku alilala bila kugeuka.

Usidhani nimeridhika. Nilimngoja apumzike, kesho yake nikamwambia, baba, neno lile umempa mtu wa nondo. Ulikuwa nalo siku zote, mwenyewe yuko mbali, mimi niko hapa nakuosha miguu, na umempa mtu wa nondo! Hakubisha. Nikachukua kalamu nikamwambia, haya, sema mwenyewe, nimwandikie nini.

Akasema, "Mwandikie umeshindwa."

Nikamwuliza, nimeshindwa nini?

"Kupika. Mwandikie umeshindwa, kwa hiyo."

Kwa hiyo nini, baba?

"Kwa hiyo hivyo," akasema, na akageukia ukutani.

Nimemsubiri tangu Jumapili aongeze. Hajaongeza. Basi nakuandikia kama nilivyoambiwa: nimeshindwa, kwa hiyo.

Dada yako


19 Julai

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa mwenye meno mapya, na kwa Cheche na wanawe. Kile alichomeza yule pacha kilitoka? Umeniacha na wasiwasi wa mtoto ambaye sijamwona.

Sikukujibu mwezi Juni kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ama matusi ama machozi, na vyote viwili viliishia kwenye pipa. Ila siku niliyopokea barua yako ya suruali na kamba, niliomba likizo. Wamenizungusha kama feni ya Cheche, mara leo, mara kesho, mara msaidizi ni mgonjwa. Jana wamenipa. Napanda basi la Alhamisi.

Usipike kitu kabla sijafika. Kuku wa kukaangwa kwa tanuru la mhunzi, dada, tena bila kutoa masizi! Wewe na yeye mlikuwa mnafikiri nini? Nakuja na karai langu. Pilipili ile ya kutia ganzi ulimi nimeipata huku, maana huko haiuzwi, ndiyo maana vyakula vyako vyote vilikuwa vikali tu bila kumaliziwa. Nitunzie tangawizi changa, isiyo na nyuzi. Na umwombe Cheche tanuru, maana moto wenyewe, kwa maelezo yako, nimeupenda.

Sasa sikiliza, na usimfiche. Siji kwa sababu nimesamehe. Alichomwambia mtu wa nondo nimekisikia, na nimekisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nimelala. Ni kizuri. Lakini hakuniambia mimi. Ana deni la maneno, na mimi ninayo yangu, ya karakana, ya ufunguo, ya meza ya moshi, ya miaka yote aliyonipitia mlangoni kama mwizi wa sahani. Hayaenei kwenye karatasi. Nitamwambia uso kwa uso, na sitapunguza sauti kwa sababu ana kidonda. Akitaka kugeukia ukutani, nitasogeza kitanda.

Ila nitampikia kwanza. Ale mpaka aseme basi. Mimi sigombani na mtu mwenye njaa.

Kitinda